Wajinga Ndio Waliwao? Pata-Potea ya Eastlands na Suala la Hatia katika Fasihi ya Kamari

Utangulizi

Methali isemayo kwamba wajinga ndio waliwao hutajwa mara nyingi panapozungumziwa michezo ya karata. Huitaja mpita njia anayemwona mtu akitoka katika duara la watu mikono mitupu. Huitaja pia mhakiki wa fasihi, pengine kwa maneno ya adabu zaidi, anapofika mahali pa kueleza "funzo" la kisa chenye mcheza kamari. Katika mihadhara na katika majibu ya mitihani, mhusika wa namna hii huwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajasomwa: alikuwa na tamaa, tamaa ikamponza, na msomaji ameonywa. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni kama mchezo alioshindwa ulikuwa mchezo kweli.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo. Yataanzia kwenye pata-potea, yaani mchezo wa karata tatu unaofahamika sana katika vituo vya mabasi na masoko ya Eastlands, Nairobi, na kuuchunguza kama tukio la kisanaa. Kisha mchezo huo utalinganishwa na kazi tatu za fasihi andishi: riwaya ya Dostoyevsky kuhusu mcheza kamari (1866), tamthilia ya Gogol kuhusu wacheza kamari (1842), na tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Mwishoni itatazamwa meza ya kasino, ambayo hudhaniwa kuwa imeachana kabisa na katoni ya kando ya barabara.

Hoja inayotetewa ni hii. Ulaghai wa mezani hauanzi kwa kumnyang'anya mchezaji fedha zake. Huanza kwa kumfanya mshirika wa ulaghai huo, na akishakuwa mshirika hana tena mdomo wa kulalamikia. Uhakiki unaoishia katika kumlaumu aliyeliwa, basi, hauko nje ya mchezo. Unaukamilisha.

Jina na mazingira yake

Msamiati wa karata katika Kiswahili una historia yake. Neno "karata" lenyewe, pamoja na "turufu" na majina ya aina nne za karata, yaani shupaza, kopa, uru na pao, ni urithi wa Kireno uliofika pwani kwa njia ya bahari. "Kamari" ni neno la Kiarabu, na limeingia likiwa limebeba hukumu ya kisheria. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili amepewa seti moja ya maneno ya kuchezea na neno jingine la kukatazia. Jina "pata-potea" halimo katika makundi haya mawili. Limeundwa kwa vitenzi viwili vya Kibantu, bila kiunganishi, na linastahili kusomwa kwa makini kama msomaji anavyousoma mshororo wa shairi.

Kwanza, kitenzi cha pili si kile ambacho sarufi ingemfanya mtu akitarajie. Kinyume cha kupata kitu ni kukipoteza. Lau jina lingekuwa "pata-poteza", mchezaji angekuwa mtenda katika pande zote mbili: ndiye apataye, ndiye apotezaye. Lakini jina ni "potea", kitenzi kisichokuwa na yambwa, ambacho hakisemi ni nani aliyesababisha upotevu huo. Fedha hupotea, karata ya ushindi hupotea machoni, mchezeshaji naye hupotea pindi askari wanapoonekana, na mchezaji mwenyewe, kwa maana ile ya kuiacha njia, amepotea. Kitenzi kimoja kinawatosha wote wanne, na hakimtaji mkosaji.

Pili, hakuna neno "au" kati ya vitenzi hivyo. Anayelisikia jina likitamkwa kwa sauti ya kunadi anaweza kulichukua kama uchaguzi: utapata au utapotea, kila mtu na bahati yake. Lakini umbo lake linakubali vile vile kusomwa kama mfuatano: utapata, kisha utapotea. Masomo yote mawili ni halali kisarufi, na biashara nzima imesimama juu ya tofauti iliyopo baina yake. Mgeni husikia uchaguzi; mwenyeji husikia mfuatano. Ni mara chache ambapo mkataba wa ulaghai hutangazwa kwa uwazi kiasi hiki mbele ya mtu anayekusudiwa kulaghaiwa.

Mazingira nayo yana uzito. Mitaa ya mwanzo ya Eastlands ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, mingine na baraza la mji na mingine, kama vile Muthurwa na Makongeni, kwa ajili ya watumishi wa reli. Baada ya uhuru ikafuata mitaa mipya kama Dandora, uliopangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wa kipato cha chini wapewe viwanja na huduma, kisha wajijengee wenyewe. Majina ya baadhi ya mitaa hii, Bahati, Starehe, Shauri Moyo, yanasikika leo kana kwamba yametolewa mezani. Pembeni yake kuna Gikomba na stendi ya mabasi yaendayo mashambani, mahali ambapo mtu hushuka akiwa na nauli, karo ya mtoto au mauzo ya mavuno mfukoni, asimjue yeyote kati ya wanaomzunguka. Pata-potea huhitaji mtu wa aina hii, ambaye kabla ya kuwa na tamaa yoyote, kwanza ni mgeni.

Riwaya ya jiji la Nairobi imekwisha kuuonyesha utaratibu huu hata pasipo karata. Katika Going Down River Road (1976), Meja Mwangi anawafuata vibarua Ben na Ocholla wanaojenga jumba refu liitwalo Development House. Kadiri jengo linavyopanda ndivyo kazi yao inavyokaribia kwisha, na kibanda wanamoishi huweza kuchomwa na watu wa baraza la jiji wakati wowote, kisha kikajengwa upya. Kupata kwao ndiko kunakoandaa kupotea kwao. Mhakiki anayesema kwamba watu hawa wanaharibiwa na ulevi hajakosea kabisa, ila ameanzia mwisho wa sentensi.

Pata-potea kama tukio la kisanaa

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na muktadha, yaani fanani, hadhira, mahali, wakati na mambo mengineyo. Kigezo hicho kikitumiwa, pata-potea ina kila sababu ya kuingizwa miongoni mwa sanaa za maonyesho za mjini. Ina fanani mwenye maneno ya kupangika, ina mahali palipochaguliwa, ina wakati wake, na ina hadhira iliyosimama kwa duara.

Vifaa ni vichache: karata tatu zilizopindwa kidogo ili zishikike haraka, na kipande cha katoni au kimeza kinachobebeka kwa mkono mmoja. Karata moja tu ndiyo ya kushinda. Mchezeshaji huionyesha, huzilaza zote kifudifudi, huzihamisha huku akisema mfululizo, kisha hualika dau. Mbinu ya mkono ni ya zamani na inajulikana duniani kote. Mkono mmoja hushika karata mbili, moja juu ya nyingine; jicho hutarajia ya chini itangulie kuanguka, na ya juu ndiyo inayoachiliwa kwanza. Kuanzia hapo, anayefuatilia kwa makini zaidi ndiye anayepotea kwa hakika zaidi.

Hata hivyo, mkono peke yake haungetosha kuwalisha watu kadhaa kwa siku. Kiini cha mchezo ni wahusika. Mmoja huweka dau na kushinda waziwazi, fedha zikihesabiwa mbele ya wote. Wa pili hukosea kijinga, akachagua karata ambayo hata mtoto angejua siyo, ili mgeni ajione mwerevu. Wa tatu humsogelea mgeni na kumnong'oneza kama rafiki. Wengine husimama pembeni kuangalia barabara. Wote hawa wanavaa mavazi ya watu wa kawaida na kujifanya hawajuani.

Kilele cha msuko huja mchezeshaji anapogeuza uso kidogo, labda akimjibu mtu au akitafuta chenji. Hapo mmoja wa wale "wachezaji" huinyanyua karata ya ushindi, huikunja kona yake, huirudisha mahali pake, na humtazama mgeni kwa jicho la siri. Mchezeshaji hugeuka kana kwamba hakuona kitu, akaendelea kuzihamisha karata. Mgeni sasa anaiona ile kona. Hachezi kamari tena, ana uhakika. Hutoa si dau dogo la kujaribu bali zote alizo nazo. Karata inafunuliwa, na siyo. Katika kuzihamisha, kidole cha mchezeshaji kimeinyoosha kona ile na kuikunja ya karata nyingine.

Kitendo hiki ndicho ambacho uhakiki wa "tamaa mbele, mauti nyuma" haukioni. Mgeni hakupoteza fedha zake kwa kuamini bahati. Alizipoteza wakati ule ule alipoacha kuamini bahati, akaamini kwamba amepewa nafasi katika wizi. Alishawishiwa kwanza kuwa mdanganyifu, tena mdanganyifu mdogo, aliyealikwa na wenzake kumwibia mtu mmoja. Matokeo ya mwaliko huo hayaishii katika fedha. Atamwendea askari na kusema nini? Kwamba aliona kona imekunjwa akanyamaza? Aibu yake ndiyo inayowalinda waliomwibia, na inawalinda bila gharama yoyote.

Jambo hili linatia doa dhana moja inayopendwa na wahakiki. Tangu miaka ya 1970, ushiriki wa hadhira umesifiwa kama alama ya ujamaa wa sanaa za Kiafrika, ukilinganishwa na ukumbi wa kizungu ambamo watazamaji hukaa gizani kimya. Sifa hiyo ina msingi. Lakini katika duara la pata-potea hadhira karibu yote ni fanani, na mtazamaji wa kweli ni mmoja, naye ndiye pekee asiyejua kwamba yumo jukwaani. Ushiriki wake haumkomboi. Ndio mtego wenyewe. Inafaa basi kila panaposifiwa ushirikishwaji wa hadhira paulizwe pia ni nani aliyeliandaa duara, na ni nani atakayeondoka na kapu.

Majaaliwa au kampuni: Dostoyevsky na Gogol

Fasihi ya kamari katika Ulaya ina njia mbili kuu, na Warusi wawili wanaziwakilisha vizuri. Dostoyevsky, aliyekuwa mcheza kamari mwenye madeni, aliitunga riwaya yake ya 1866 kwa haraka ya siku ishirini na sita ili atimize mkataba mgumu aliokuwa ametia sahihi na mchapishaji. Mhusika mkuu, Aleksei Ivanovich, yuko peke yake mbele ya gurudumu la ruleti. Anapambana na majaaliwa, na anguko lake ni la nafsi. Mchezo katika riwaya hiyo ni safi kiasi cha kutisha. Hauna haja ya kumdanganya mtu anayejidanganya mwenyewe. Wahakiki wengi wa kamari wamefundishwa kusoma na riwaya ya namna hii, na hapo ndipo ilipotoka tabia ya kuutafuta ugonjwa ndani ya mchezaji.

Gogol anafuata njia nyingine. Anajulikana Afrika Mashariki zaidi kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili miaka ya 1970. Tamthilia yake kuhusu wacheza kamari haisomwi sana, ingawa ni fupi na kali. Ikharev anafika katika nyumba ya wageni akiwa na pakiti ya karata zilizotiwa alama, ambayo ameipenda hadi ameipa jina la mwanamke. Yeye mwenyewe ni mlaghai. Anakutana na kundi la walaghai wengine wanaomtambua, wanamsifu kwa ufundi wake, na wanamwalika waungane kumkamua kijana wa mwenye ardhi. Mpango unaelekea kufanikiwa: kijana anashindwa na kutia sahihi hati ya deni la rubo 200,000. Wenzake wanadai wana haraka, na Ikharev anawapa rubo 80,000 taslimu ili hati ibaki kwake. Baadaye inabainika kwamba kijana, baba yake na hata ofisa aliyekuwa aidhinishe malipo walikuwa waigizaji wa kundi lile lile. Ikharev anataka kwenda mahakamani. Anajibiwa kwamba hana haki hiyo, kwa kuwa fedha alizitoa katika njama aliyoshiriki kwa hiari.

Huu ni mkunjo wa kona kwa umbo la tamthilia. Gogol hakulazimika kuifahamu stendi ya mabasi ya Nairobi ili aandike hivyo, na wachezeshaji wa Gikomba hawakulazimika kumsoma Gogol. Ulinganifu wao unatokana na sheria moja ya ulaghai: aliyechafuliwa hawezi kushtaki. Kile ambacho Gogol anakiongeza, na ambacho mhakiki wa Kiswahili anakihitaji, ni kwamba mwathiriwa si lazima awe mwema ndipo waliomwibia wawe na hatia. Ikharev hastahili kuhurumiwa sana, lakini msomaji anayefunga kitabu akisema "alistahili" amewaacha watu waliopanga jambo zima waondoke kwa kicheko, na farasi wao wakiwa tayari.

Visanduku vitatu

Katika Mabepari wa Venisi kuna visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi, na atakayechagua kilicho na picha ya Portia ndiye atakayemwoa. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekisoma kisa hiki kwa vizazi kadhaa kama mtihani wa maadili: mwana wa mfalme wa Moroko alichagua dhahabu akakosa, yule wa Aragon alichagua fedha akakosa, na Bassanio, asiyedanganywa na mng'aro, alichagua risasi akapata. Funzo linajitokeza lenyewe.

Lakini vitu vitatu vilivyofunikwa, kimoja cha kushinda, ni umbo ambalo mtoto wa Eastlands angelitambua mara moja, naye angeuliza swali la mtaani: nani mwingine anajua kilipo? Portia anajua. Anamwambia Bassanio wazi kwamba angeweza kumfundisha namna ya kuchagua, isipokuwa amefungwa na kiapo. Na wakati Bassanio anatafakari, ni hapo tu ambapo wimbo unaimbwa. Wale wawili waliotangulia hawakuimbiwa. Wahakiki wa Shakespeare wamebishana kwa muda mrefu kama vina vya mwanzo vya wimbo huo, ambavyo vinalandana na neno la Kiingereza lenye maana ya risasi, ni kidokezo. Kidokezo kinachotegemea sauti ya neno hakiwezi kuvuka kwa njia ile ile hadi katika neno "risasi", na kwa hiyo msomaji wa tafsiri amepewa Bassanio mwadilifu zaidi kuliko yule ambaye msikilizaji wa Kiingereza angeweza kumshuku.

Hapa hapasemwi kwamba Portia alidanganya. La muhimu ni jinsi lawama zinavyogawanywa. Wageni wawili walioshindwa wameitwa wenye tamaa na majivuno. Mwenyeji aliyeshinda, pengine kwa kusaidiwa, ameitwa mwenye hekima. Nyerere, kwa kuuchagua mnyambuliko wa "mabepari" katika jina la tafsiri yake, aliwaelekeza wasomaji wautazame mfumo wa mali wa Venisi nzima, si ubaya wa Shylock peke yake. Mwelekeo huo haujatumiwa vya kutosha katika kusoma visanduku.

Meza iliyoidhinishwa

Inaweza kupingwa kwamba pata-potea ni wizi wa mtaani, na kwamba haifai kulinganishwa na kamari inayochezwa chini ya taa, kwa leseni na kwa kanuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 kuhusu kamari, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, Sura ya 131, ilisimama juu ya tofauti hiyo kwa zaidi ya nusu karne: meza yenye idhini ya Bodi ni burudani, katoni ya kando ya barabara ni uhalifu. Tofauti hiyo ni ya kweli kisheria. Kifasihi inahitaji kuchunguzwa.

Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao na nyumba huchukua sehemu yake tu. Udanganyifu wake mkubwa si karata iliyofichwa kwenye mkono wa shati, bali ni mapatano: wawili au watatu wanaopeana ishara, au mgawa karata aliye upande wao. Mtu aketiye katika meza hiyo anadhani ana wapinzani watano, kumbe anaye mmoja mwenye mikono kumi. Duara la Gikomba limewekewa viti na zulia.

Katika michezo mingine ya kasino nyumba yenyewe ina kipande cha faida kilichojengwa ndani ya kanuni. Kesi ya Phil Ivey inaonyesha ni nani anayeruhusiwa kuwa na kipande hicho. Mwaka 2012, katika klabu ya Crockfords mjini London, Ivey na mwenzake walizitambua karata kwa hitilafu ndogo za michoro ya migongo yake, baada ya kumshawishi mgawa karata azigeuze kwa kisingizio cha imani za bahati. Walishinda takribani pauni milioni 7.7, klabu ikakataa kulipa. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2017 kwamba huo ulikuwa udanganyifu, ingawa ilikubalika kwamba Ivey aliamini kwa dhati hakudanganya. Uamuzi huo unaweza kutetewa vizuri. Hata hivyo unabaki na kejeli ambayo mwandishi wa riwaya asingeiacha: ujuzi wa mchezaji wa kuielekeza meza upande wake ni hila, na ujuzi wa meza wa kumwelekea mwenyewe ni kanuni.

Meza hiyo sasa imefika Eastlands bila kuhitaji kasino. SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014, na fedha za simu, zilizokuwapo tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, zikaufanya mkeka wa ubashiri upatikane kitandani na katika matatu. Mashine za kamari za sarafu zilienea madukani hadi zikakamatwa na kuteketezwa hadharani sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za ubashiri katika mgogoro wa kodi. Mapema mwaka 2020 FIFA ikawafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi kuu ya Kenya. Kijana wa Kayole aliyekesha akichambua timu alikuwa anaitazama kona ya karata. Wengine walikuwa wamekwisha kuinyoosha.

Adili na lawama

Hapana budi kukabiliana na pingamizi la mwisho, nalo ni zito. Fasihi ya Kiswahili imelelewa katika adili. Je, kumwondolea mcheza kamari lawama si kuikata fasihi hiyo mzizi wake?

Si hivyo, iwapo mzizi wenyewe utaangaliwa vizuri. Aya ya 90 na ya 91 za Sura ya Tano ya Kurani, ambazo ndizo msingi wa katazo la kamari kwa Waislamu wa pwani, zinaitaja kamari pamoja na ulevi, na zinataja uadui na chuki ambazo shetani hutaka kuzitia kati ya watu kwa njia hizo. Linalokatazwa ni tendo lenyewe na uhusiano linaouzaa. Aliyeshinda hakusamehewa kwa kuwa ameshinda. Hali kadhalika, katika Al-Inkishafi, utenzi mkuu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya fahari iliyopotea ya Pate, mshairi hauelekezi mkemeo wake kwa jirani aliyefilisika. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Adili ya namna hiyo humtaka mwenye kusema ajihesabu kwanza. Ile ya "wajinga ndio waliwao" humwacha msemaji nje ya hesabu, akiwa salama na mwerevu. Hizi ni adili mbili tofauti, na uhakiki wa shuleni umezichanganya kwa muda mrefu mno.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba pata-potea ni sanaa yenye msuko, wahusika na kilele. Kwamba kilele hicho ni kumshirikisha mgeni katika udanganyifu ili asiweze kuulalamikia. Na kwamba utaratibu huo huo unaonekana kwa Gogol, unachunguzika katika visanduku vya Portia, na unaendelea katika meza zenye leseni. Haikudaiwa kwamba mchezaji hana tamaa. Imedaiwa kwamba tamaa yake ndiyo sehemu ya mchezo inayoonekana kwa wepesi zaidi, kwa kuwa walioupanga mchezo wameiweka mbele makusudi.

Lipo tukio moja linaloonyesha usomaji mwingine unaweza kufanya nini. Mwaka 2007 na 2008 iligunduliwa kwamba katika Absolute Poker na UltimateBet, michezo miwili ya poka ya intaneti, baadhi ya akaunti ziliweza kuziona karata za wapinzani. Waliolifichua jambo hilo mwanzoni walikuwa wachezaji wenyewe. Walikusanya kumbukumbu za michezo waliyokuwa wameshindwa, wakazisoma pamoja mkono kwa mkono, wakaona kwamba hakuna binadamu anayeweza kucheza vile pasipo kuona. Kila mmoja peke yake alikuwa mjinga aliyeliwa. Walipoziweka kumbukumbu za kushindwa kwao mezani pamoja bila kuona haya, zikawa ushahidi.

Hiyo ni kazi ambayo uhakiki ungeweza kuifanya kwa mcheza kamari wa fasihi: kumwuliza aliona nini, nani alisimama karibu naye, nani aligeuza uso, na kona ilikunjwa na mkono wa nani. Methali inayofunga makala haya haina umaarufu wa ile iliyoyafungua, lakini ni ya Kiswahili vile vile: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.